Mbuzi Nisio Nao

Jumanne, 4 Machi 2025
Leo nimempeleka mjukuu wangu Bushra hospitali Mbeya, mimi mwenyewe. Mama yake, Zakia, yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anauza vitenge vyake. Nikamwambia tulia, baba yako kapeleka lori Kitwe bila breki, atashindwa na daktari?

Ugonjwa wa Bushra ni wa misuli. Unamla miguu taratibu, na jina lake refu kuliko treni ya TAZARA. Dawa ipo, mpya, haijaanza kuuzwa popote. Wenye kiwanda wanaitoa mapema, bure, kwa watoto wachache. Daktari Gwantwa ndo anaandika majina.

Daktari mwenyewe binti mpole, kaniamkia shikamoo mara mbili. Kauliza mtoto anaendeleaje nyumbani. Sasa mimi, Masudi wa Tunduma, nimwambie mgeni kwamba mjukuu wangu hawezi ngazi? Nikasema huyu anakimbiza mbuzi mpaka mbuzi wanaomba maji. Kacheka. Kaandika.

Mbuzi sina hata mmoja.

Jumamosi, 8 Machi
Watoto wa mtaani wanamcheka akianguka. Ndo maana nilimfundisha zamani: miguu ikichoka usianguke. Simama, shika kitu, kidevu juu, angalia mbali kama afisa wa forodha anahesabu malori. Mtu akikuuliza, mwambie niko kazini.

Ana miaka sita tu, na anajua kuficha kuliko mimi na sukari yangu ya magendo enzi zile. Leo kasimama "kazini" mara nne, toka mlangoni mpaka chooni. Mwezi uliopita ilikuwa mara moja.

Alhamisi, 10 Aprili
Majibu yamekuja. Bushra hayumo.

Zakia kaweka simu sauti kubwa nisikie. Daktari kasema dawa ni chache, wanatangulia watoto wanaodhoofika haraka, na fomu ya Bushra inasema anakimbiza mbuzi.

Zakia kanitazama. "Mbuzi gani, baba?"

Nikavuta kitenge kimoja nimsaidie kukunja. Kaninyang'anya.

"Umemponya mwanangu kwa mdomo," kasema. Kaendelea kukunja vitenge.

Ijumaa, 11 Aprili
Zakia hasemi na mimi. Chai kaniletea Bushra. Imefika nusu kikombe. Kasema alikuwa kazini.

Jumatano, 16 Aprili
Tuko Mbeya tena, wote watatu. Zakia kapiga simu hospitali, kaambiwa nafasi imebaki moja, majina yanafungwa leo.

Njiani nimemwambia Bushra: leo ukichoka, anguka. Anguka kabisa, mbele ya daktari. Kacheka mpaka kashika tumbo. "Babu na utani wako." Nikaapa kwa Mungu. Ndo kazidi kucheka.

Kwa daktari nikasema yote. Mbuzi hakuna, mtoto hawezi kupanda kitandani, ananyanyuliwa.

"Mzee wangu, mara ya kwanza anakimbia, leo ananyanyuliwa. Niandike lipi?"

"Andika kwamba mimi mwongo."

"Fomu haina sehemu hiyo."

Zakia kasema, daktari, mimi ndo mama, namnyanyua kila siku. Daktari kainamisha kichwa. Eti kila mzazi akishasikia dawa ni ya waliozidiwa, siku hiyo hiyo mtoto wake anazidiwa. Hasemi tunadanganya, ila lazima aone mwenyewe. Atembee toka ukutani mpaka dirishani. Na nyie subirini nje, mnamjibia mtoto.

Basi niko benchi. Mlango uko wazi kidogo, naona. Naandika maana mikono imekosa kazi. Miaka arobaini nimepita mpaka ule na maneno matupu, polisi wa nchi mbili wakanipigia saluti. Leo nina neno moja la kweli, na hakuna wa kulipokea. Hata mtoto.

Bushra kaanza. Moja. Mbili. Anguka, mama. Tatu. Nne — miguu inatetemeka, naiona toka hapa. Nimefungua mdomo nimwite, Zakia kanifinya mkono: nyamaza, baba, umeshasema vya kutosha.

Kasimama. Kashika ukingo wa meza, kidevu juu, anaangalia dirishani. Daktari kamuuliza kitu. Najua kajibiwa nini, maana daktari kacheka, na kalamu iko mkononi.

Mtoto kageuka huku mlangoni, kanikonyeza.