Chumba Kilichoitwa Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kaja chumbani kwangu leo, mkewe nyuma. Wakija wawili najua kuna jambo. Anataka mkopo benki, aweke nyumba rehani, apanue karakana yake ya kutengeneza friji. Alhamisi benki wanamtuma mthamini aje aseme nyumba ina thamani gani. Nikasema ni jambo jema, nitafagia uwanja. Akakohoa. Wifi akatazama ukuta.

Kumbe uwanja si shida. Mwenzake mmoja aliyewahi kukopa kamwambia benki hawapendi kukuta mtu mzima mwingine anaishi ndani. Siku mkopo ukishindwa kulipwa, mtu huyo atagoma kutoka, atadai ana haki. Kwa hiyo dada, hiki chumba chako siku hiyo tukiite stoo. Siku moja tu. Na mimi je? Wewe uwe fundi, umekuja kupima mapazia.

Miaka kumi na moja nimo humu. Hati ina jina lake peke yake kwa sababu baba alipoiandikisha mimi nilikuwa nimeolewa, nina kwangu. Ndoa ikavunjika, nikarudi, nikamuuguza mama humu humu mpaka mwisho. Wakati ule hakuna aliyeniita fundi wa mapazia.

Nimekubali. Mdomo wangu huwa unakubali kabla yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimehamisha maisha yangu bila kutoka nyumbani. Kitanda tumekifungua vipande vipande. Godoro limesimama nyuma ya mlango. Nguo ziko kwenye magunia, cherehani imefunikwa turubai. Tukaongeza makopo ya rangi, feni mbovu, baiskeli isiyo na tairi. Wifi kafanya kazi kwa bidii — bidii hiyo sijawahi kuiona kwenye vyombo. Mwisho akarudi nyuma hatua mbili akatazama, akasema, yaani utadhani hakuna mtu aliyewahi kulala humu.

Alikuwa anasifia kazi tu, hakuwa na ubaya. Nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Mthamini kaja saa nne. Mpole, mtu wa makamo, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Ana kidude chenye taa nyekundu, akikielekeza ukutani kinampa urefu. Anagonga kuta, anafungua mabomba, anachungulia darini. Anasema kidogo, anaandika sana. Mimi niko sebuleni, futi mkononi, napima dirisha ambalo pazia lake nililishona mwenyewe.

Kila chumba anauliza, nani analala hapa? Walipofika kwangu mdogo wangu akasema stoo, macho makavu. Mthamini akasimama. Stoo ina dirisha kubwa hivi? Mdogo wangu akasema zamani alilala marehemu mama. Kuna mtu mzima mwingine anaishi humu? Hapana, ni mimi, mke wangu na watoto.

Nilisikia yote. Futi ilinitoka mkononi.

Wakati wa kutoka mthamini akaniamkia, akaniuliza, una siku nyingi kwenye kazi hii? Nikamwambia nyingi.

Alipoondoka mdogo wangu kanishika bega, dada umetuokoa. Inauma. Naandika tu hivyo, inauma, sina neno jingine.

Ijumaa, 7 Machi

Kitanda bado hakijafungwa. Mdogo wangu anasema tusubiri majibu, huenda wakarudi kuangalia. Nalala chini kati ya makopo ya rangi. Leo nimeshona sare mbili, zote nimekosea mikono.

Jumatano, 12 Machi

Majibu yametoka. Njia ya mwongo fupi! Nyumba imethaminiwa chini ya kiasi anachohitaji, kwa sababu ni ya vyumba viwili vya kulala na stoo. Ingekuwa na vitatu, mkopo ungepita. Wifi akamwambia mumewe, si nilikwambia. Hakuwahi kumwambia lolote, nilikuwepo tulipopanga.

Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, mpaka wakanipa maji. Halafu nikaomba nisome ripoti. Ukurasa wa tatu: nyumba inaweza kukabidhiwa tupu wakati wowote, haina mkaaji mwingine. Nimeusoma mstari huo mara tatu. Mtu anaweza kufutwa kwa lugha ya adabu kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu kapiga simu benki kusema ukweli, yaani nusu yake. Ile stoo ni chumba, dada yangu analala. Wakasema sawa, mthamini atarudi Jumatatu, lakini dada asaini fomu mbele ya mwanasheria wa benki. Jioni kaniletea niisome. Mimi niliyetajwa hapo juu sina dai lolote katika nyumba hii, sasa wala baadaye, na benki ikinitaka nitoke, nitatoka.

Nikamuuliza, ukishindwa kulipa mimi nitakwenda wapi? Akasema sitashindwa. Nikamwambia sikuuliza hilo. Akasema, dada huniamini.

Yeye namwamini. Nimemlea mgongoni. Nisiyoiamini ni biashara ya friji.

Jumapili, 16 Machi

Kitanda kimefungwa. Wifi kaleta shuka zake za wageni, na zulia, na kioo. Chumba hakikuwahi kupendeza hivi nilipokuwa nakaa humu bila kupimwa. Wifi ananiita dada kila neno la tatu. Siwezi hata kumchukia, watoto wanakua, karakana imewabana, naye hana raha.

Nimekaa nikipiga hesabu isiyotoka. Nikisaini, sina kwangu. Nisiposaini, sina ndugu. Nina miaka hamsini na nne. Najikaza kisabuni lakini leo hata sabuni imekwisha.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekuja wawili, mthamini na mwanasheria wa benki. Mthamini kavua viatu, kafika mlangoni kwangu, kanikuta nimekaa kitandani. Nani analala hapa? Mdogo wangu akajibu, dada yangu. Mthamini akanitazama. Si wewe fundi wa mapazia? Nikasema ndiye mimi. Akapima chumba, akatoka bila kuuliza tena. Nilitamani aulize.

Sasa wako sebuleni, wanakunywa chai. Mimi nimebaki na fomu juu ya cherehani. Mdogo wangu kanijazia mwenyewe ili nisisumbuke. Jina langu, sawa. Uhusiano na mwenye nyumba: dada. Sawa. Anaishi humu tangu lini?

Kaandika 13 Machi. Alhamisi iliyopita.

Nimemwita, nimemwonyesha. Kanong'ona kwamba ikiandikwa miaka mingi wataanza maswali, na dai la mtu wa siku nne si dai. Kasema nisaini tu, watu wanasubiri. Hakunitazama. Karudi kwa wageni.

Nimeikata ile tarehe. Juu yake nimeandika mwaka niliorudi na mabegi mawili. Pa saini bado ni peupe, na sijui nitapafanya nini.

Namsikia mwanasheria akiuliza kama kuna tatizo huko ndani. Mdogo wangu anamjibu hakuna tatizo, dada anatafuta miwani.

Miwani ninayo usoni.