Umeme wa Hatua ya Tisa

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha yule mtundu wenu ambaye nasikia siku hizi anapokea simu na kuikata kabla mtu hajasema neno. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie koti limefika na limenienea vizuri, mikono haikuzidi kama alivyohofia. Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mama huwa kando yako amenyoosha shingo. Hii isome ukiwa peke yako.

Uliwahi kuniuliza hasa nafanya kazi gani, maana baba huwaambia watu kwamba nalipwa kucheza. Si uongo mtupu. Tunakaa watu wanne katika chumba kilicho juu ya duka la rangi, meza zimejaa simu za kila aina, nyingine vioo vimepasuka, na nyaya za chaji zimesokotana kama nywele zisizochanwa. Gemu ikishatengenezwa, kabla haijatolewa kwa watu, inaletwa kwetu tuijaribu. Mchezaji wa kawaida anataka kushinda. Sisi tunagonga ukuta uleule asubuhi nzima, tunakata mtandao katikati ya mbio, tunapigiana simu wakati mwenzetu anakaribia kumaliza, ili tuone kama gemu itaganda au itaendelea. Ukipata kasoro, unaandika imetokea kwenye simu gani na mtu mwingine afanye nini ili naye aione. Utamu wake huisha wiki ya kwanza.

Gemu ya safari hii ni ya gari la taka. Dereva anazunguka mjini akikusanya mapipa, na katika hatua ya tisa mvua inanyesha na umeme unapiga. Kwenye simu nzuri umeme unamulika mara moja, basi. Kwenye simu za bei rahisi hauishi: kioo kizima kinawaka cheupe na kuzima, kinawaka na kuzima, mpaka uizime simu yenyewe. Niliandika. Aliyeitengeneza hatua hiyo ni kijana mpole tunayemwita Kwangu Haitokei, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila kasoro. Akajaribu kwenye simu yake, ambayo ni ya maana, akajibu kama kawaida yake. Nikaandika tena, kisha nikaichukua simu mbovu nikampelekea mezani. Alikuwa na kazi nyingine mkononi, akasema ataiangalia. Mkuu wetu naye akasema gemu inatoka Ijumaa, na mwanga kidogo si kitu.

Jumatano mtu akaanguka. Habari hiyo unaijua nusu. Nilipokupigia nilikuambia kwamba msichana wa meza ya jirani alianguka akiijaribu hatua hiyo, akatetemeka, na mimi nikamshika kichwa asijigonge. Ukauliza kama tulimlaza ubavu. Nikasema ndiyo.

Dada, ilikuwa kinyume. Yeye ndiye aliyenishika kichwa. Aliyeanguka ni mimi.

Sakafu siikumbuki. Nakumbuka muziki wa gemu ukienda mbali, kama redio iliyobebwa na mtu anayeondoka, kisha nyuso zao juu yangu na ladha ya damu, kwa kuwa niliuma ulimi. Hospitali walinibandika nyaya kichwani wakanipima. Daktari akauliza kama kwetu kuna mwenye kifafa. Nikamwambia yupo, dada yangu, tangu akiwa shule ya msingi. Akasema changu kinaamshwa na mwanga wa kuwakawaka, akanianzishia dawa.

Kwangu Haitokei alikuja wodini, akasimama miguuni pa kitanda. Hakuuliza hali yangu, aliuliza ni simu ipi. Nikamwambia ile nyekundu yenye ufa. Kesho yake akarudi, akaniambia huku akitazama dirisha kwamba safari hii hata kwake imetokea.

Mkuu alinipigia. Alitaka niandike tu kwamba mwanga unakera macho, warekebishe baadaye gemu ikiwa imeshatoka. Akaongeza kwamba anasema hivyo kwa faida yangu pia, kwa sababu mtu aliyeandikwa kuwa ameanguka hawezi kurudishwa kwenye meza ile. Hapo hakunidanganya. Nikaandika kama ilivyokuwa: simu ipi, hatua ipi, kwamba aliyekuwa akijaribu alianguka kifafa, na kwamba aliyekuwa akijaribu ni mimi. Ijumaa gemu haikutoka. Umeme wameuondoa kabisa, sasa mvua inanyesha tu. Mimi nimehamishiwa kwenye sauti. Nakaa na visikilizio masikioni, simu nimeifunika, nasikiliza kama injini ya gari la taka inanguruma inapotakiwa. Kazi ya meza ile niliipenda. Naliandika hili mara moja, tusilirudie.

Mama sijamwambia. Najua atataka nirudi nyumbani nikae mbele ya macho yake. Ukiona afadhali umwambie wewe, mwambie. Ukiona asubiri, asubiri.

Ila nataka kukuuliza jambo ambalo miaka yote tuliyolala chumba kimoja sikuwahi kukuuliza. Ukizinduka, watu wamekuzunguka wanakutazama, huwa unasema nini kwanza? Mimi nilisema samahani. Nimelifikiria sana neno hilo, na sioni nilikuwa naomba msamaha wa nini, lakini ndilo lililonitoka. Niandikie wewe husema nini.

Wasalimie wote hapo, mkubwa kwa mdogo. Tunza afya yako, na usiruke dawa, nami sitaruka zangu.

Ni mimi,
mdogo wako wa pekee.