Kabla Ziwa Igeuke

Jumatatu, 8 Julai 2002. Butembo, Vulamba

Nimesafisha bioo ya microscope, sawa kila mwanzo wa vacances. Kioo moja imepasuka. Ingine muzuri. Basoda balipora masomo yetu, fasi nafundisha, mara mbili. Microscope iliponea kwangu, ndani ya mufuko ya maharagi. Kesho Beni, kwa yaya Kavira, dada yangu mukubwa. Nafurahi sawa mutoto.

Jumanne, 9 Julai. Beni

Barrière ya basoda ku njia. Musoda alishika chupa zangu tupu, akauliza ni za nini.

— Za kuchota maji ya ziwa.

— Maji iko fasi yote, mama.

— Natafuta bidudu bidogo ya ndani.

Alinitazama sawa mutu wa kichwa mubaya, akaniacha nipite. Nilicheka kisha, wakati tulifika mbali.

Kwa yaya nyumba imejaa. Ndugu za bwana yake, shemeji Kambale, balikimbia vita ya Ituri, bote bako hapa. Chakula yao ni samaki ya ziwa, ile ya chini ya shamba yao ya kakao.

Jumatano, 10 Julai

Ziwa. Ni ndogo, lakini inaenda chini sana. Milima imeizunguka, upepo ya kawaida haifike. Basi maji ya juu na maji ya chini haichanganyike. Nashusha chupa na jiwe. Nikivuta kamba ya pili, kizibo inatoka, chupa inajaa kule kule chini.

Maji ya juu: majani ya kijani, madogo kupita macho, na bingine sawa sanduku za kioo. Yote inatembea. Katikati: safu nyembamba, maji ya rose, nyekundu ya kufifia. Bidudu ya pale binapenda mwangaza kidogo na harufu kidogo ya kutoka chini, basi binakaa pale tu. Chini yake, giza, na harufu ya mayai yenye kuoza. Pale banaishi bengine, benye kukufa bakikutana na hewa.

Kila moja na fasi yake. Nilisahau kula. Hakuna kazi napenda kupita hii.

Alhamisi, 11 Julai

Nimerudilia kupima. Siyo kosa. Mwaka jana rose ilikuwa mbali chini. Sasa imepanda sana, na maji yenye hewa, maji ya samaki, imebakia kidogo juu.

Sababu naijua. Tangu wakimbizi bafike, muhogo ya batu wote inaloweshwa pale. Mabaki inashuka, inaoza, inamaliza hewa. Upepo ya baridi ikiingia na nguvu, maji mubaya itapanda yote. Samaki zitakufa zote mu siku moja tu.

Naogopa.

Ijumaa, 12 Julai

Nilimwambia shemeji avue sasa. Alikataa. Anangojea samaki zinenepe kwa ndoa ya binti yake Masika, mwezi wa nane. "Angalia vile zinacheza juu, mwalimu." Nikamwambia zinakaa juu kwa sababu chini hazipumui. Alichukua panga, akaenda ku kakao.

Nimekasirika. Yaya alinusa chupa ya chini, akafunga pua na kitambaa ya kikwembe yake.

Jumamosi, 13 Julai

Yaya ameamua. Asubuhi alibeba nyavu yeye mwenyewe, bamama wakimbizi nyuma yake. Shemeji alichelewa, akakuja, akaingia mu maji na suruali yake yote. Akashika nyavu upande ingine. Tulivua mpaka mangaribi, kisha tukatia samaki ku moshi zikauke.

Nguo zote zinanuka moshi. Mikono yangu imekatwa-katwa na miiba ya samaki. Nalala muzuri leo.

Jumanne, 16 Julai

Jua. Ziwa kimya. Samaki ndogo tulizoacha zinacheza.

Hakuna kitu imetokea. Pengine nimeharibu ndoa ya mutoto wa yaya kwa sababu ya rangi mu chupa. Nasikia haya.

Ijumaa, 19 Julai

Upepo toka alfajiri. Kisha mvua ya baridi. Mchana ziwa iligeuka. Rangi ya maji ya kuoshea bakuli ya maziwa. Harufu ilifika mpaka ku njia. Samaki ndogo zilipanda, tumbo juu.

Shemeji alikuja kusimama karibu yangu.

— Zote zingekufa vile?

— Zote, shemeji.

— Basi muhogo itatafutiwa mashimo mbali na maji. Nitabaonyesha bamama fasi leo.

Akaenda kweli, ndani ya mvua. Sikusikia furaha ya kushinda. Nilisikia huruma kwa zile ndogo. Na kwa safu zangu, zote zimechanganyika.

Jumapili, 21 Julai

Misa. Kisha sombe ya majani ya muhogo na samaki ya moshi. Batoto ya wakimbizi balikula mpaka kusinzia palepale.

Shemeji aliuliza kama ziwa itajipanga tena. Nilisema ndiyo, polepole, jua ikirudi. Tutatia samaki ingine mvua kubwa ikipita. Aliitika na kichwa. Samaki ya ndoa imebakia ya kutosha, imetundikwa juu ya jiko.

Yaya aliniongezea bukari, ugali yetu, bila kuniuliza. Nimekaa ku mulango, miguu mu jua. Masika anasuka nywele ya mutoto mumoja, anaimba kidogo-kidogo. Sina haraka ya kurudi Butembo.