Sipiyu Inayochemka

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta imezima tena! Mara hii ilikuwa imefika nusu ya harusi. Nyuzi tisini na sita, skrini nyeusi, basi. Kanda ya harusi ya dada ndiyo pekee yenye marehemu baba akicheka, na imeliwa na ukungu, sauti haipo kabisa. Programu inasafisha picha mojamoja, mashine inachemka. Daktari wa macho alisema mama zimebaki wiki, si miezi, asione tena. Na mama, kila nikitoka kazini, huuliza: baba yako yuko tayari? Utadhani yuko bafuni anaoga.

Jumatano, 6 Machi

Nimeilaza mezani, nimefungua ubavu, nimekagua. Kasha lenyewe pambo tupu — mbele kioo kitupu, hewa ipite wapi? Feni mbili za mbele zinanyonya kioo! Kadi ya picha ndefu, imebanana na pawasaplai, kile kisanduku cha umeme. Nyaya zimezagaa kama utumbo. Nimezifunga nyuma ya ubao, nimepuliza vumbi. Ikiwa wazi, nyuzi sabini na mbili tu. Nikafunga, nikaisimamisha, nikaipamba kama kawaida — haikuchukua muda, kwisha. Nimelia. Kuiacha wazi siwezi, mama siku hizi anapapasa kila kitu, atatia kidole kwenye feni.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji anashauri kupoza kwa maji. Ana mdomo, shemeji! Nimepima. Rejeta, ile ya kupoza maji, juu haikai, inagonga vibao vya RAM. Mbele inakaa, ila kadi ya picha itoke — na bila kadi hakuna kazi. Feni kubwa ya prosesa? Ubavu haufungiki. Kasha la wavu mbele lingefaa, lakini duka linasema hadi mwezi ujao. Mwezi ujao! Leo mama amemimina chai nje ya kikombe, kisha akajifanya anafuta meza. Nimechoka. Sina pa kushika.

Jumapili, 10 Machi

Nimemtumia fundi wa kompyuta picha ya mashine. Akapiga simu akicheka mpaka akapaliwa. Akauliza: Dada, hicho cheupe juu ni nini?

Kitambaa! Kitambaa cha mama cha kufuma. Humu ndani kila kitu kimevishwa — redio, friji, chupa ya chai, na hiyo "sipiyu", kama mama anavyoliita kasha zima — mpaka macho yangu yalishakizoea. Kimeziba matundu ya juu, hewa ya moto inakotokea. Na anayekirudisha kila nikifunga ni mimi! Mjinga mimi. Siku zote hizi.

Ndicho cha mwisho alichofuma. Pembeni mishono imepotea njia. Nimekitia kwenye droo, nimemwambia nimekifua.

Jumatano, 13 Machi

Imemaliza! Haikuzima hata mara moja. Baba anacheka mpaka pengo la jino linaonekana. Nimemwekea mama kiti mbele ya skrini. Amevaa gauni la kutokea, amejipaka na mafuta. Baba akapita na sahani, akageuka, akacheka. Nikamtazama mama. Ametulia, anangoja.

Mwanangu, mbona huwashi?

Nimemwambia bado, mama, inapoa kwanza. Akasema haya, yeye hana haraka.

Naandika hapa hapa, ubavuni kwake. Baba ameanza tena mwanzo. Mama amenyoosha mkono, anapapasa juu ya sipiyu. Anauliza kitambaa chake kimekauka —