Kuku wa Mama na Mbwa wa Fundi

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Hujambo? Wifi yangu je, kile kifua kimemwachia? Na wanangu, bado wanagombania dirisha? Sisi hatujambo. Goti la Mama humsumbua kukiwa na baridi, ila mdomo wake ni mzima kabisa.

Kwenye simu ulisikia kwamba mbwa waliingia kwa kuku, lakini Mama alikukatia habari katikati. Nakuandikia yote.

Mbwa ni wa fundi wa kuchomelea, jirani yetu wa nyuma. Huwaachia wazurure mchana kutwa. Mama alikuwa kliniki, wakachimba chini ya uzio. Aliporudi alikuta manyoya yametapakaa hadi mlangoni, na hakuna kuku aliyebaki. Hakulia. Alifagia uwanja, akakaa, akakataa kula. Kijiti, tangu tumzike Baba, kuku wale ndio waliokuwa wakimtoa kitandani.

Nilimfuata fundi. Akanijibu kwamba mbwa wake hawali kuku, nikatafute kicheche. Nikarudi na hasira zangu. Mwenye duka la pembeni akanishauri tutege nyama yenye sumu, nikamfikishia Mama.

"Nikimuua mbwa, kuku wangu watafufuka?" akaniuliza. "Na mtoto wa mtu akiiokota hiyo nyama?"

Tukaziba shimo kwa waya, basi.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi moja, tukasikia kilio nyuma ya nyumba. Mbwa mmoja, yule mwekundu, alijaribu kupita palepale, waya ukamnasa shingo. Damu inamtoka. Mimi nilikamata fagio, Mama akachukua koleo la kukatia waya. Alipiga magoti, na lile bovu pia, akamfunika macho kwa mtandio, akaukata waya taratibu huku akimtukana kwa sauti ya kubembeleza. Kisha akamfunga kamba, akamkokota hadi karakana ya fundi, mbele ya wateja.

"Chukua mwanao," akamwambia. "Amenimalizia kuku wangu, na leo ameumia kwangu. Mtibu kwanza, halafu uje tuzungumze."

Fundi alikosa pa kuuweka uso. Jioni akaja, kofia mkononi.

"Mama, nilimdanganya binti yako. Siku ile niliyaona manyoya midomoni mwao."

Mama alimwacha asimame kidogo, ndipo akamvutia kiti.

Sasa ametuchomelea banda la nondo. Wavu ameufukia chini ili wasichimbe tena, na juu yake amepanga mawe. Mbwa hushinda wamefungwa. Kuku wapya amewaleta mwenyewe, na Mama amemrudisha mara mbili kukaza bawaba za mlango.

Mdogo wangu, najua unataka Mama aache haya yote ahamie kwako. Hata mimi nilikuunga mkono. Lakini jana nilimkuta ndani ya banda, kuku wamemzunguka miguuni, anaelekeza viota vikae wapi, na fundi, lile jitu zima, anaitikia tu, "Ndiyo, Mama." Nilisimama nikamtazama, nikashindwa kumwambia habari ya kuhama. Naomba na wewe usimwambie. Likizo ikifika njoo umwone, ila usije na masanduku matupu.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wifi, wabusu wanangu, na mama mkwe wako umwambie namkumbuka. Mungu awatunze mkiwa kazini na mkiwa mmelala.

Akupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,
Dada yako