Henrike Ameambiwa Aondoke

Tusiime,

Ndizi nimeshamenya, zimo kwenye maji. Ukitoka shambani zibandike na maharage. Mbuzi usiwafunge karibu na barabara.

Nesi wetu Henrike anaondoka. Asubuhi ofisi yao ya Ujerumani imempigia simu: wauza bangi wamerushiana risasi kule mtoni, mpakani, kwa hiyo wageni wote watoke leo. Gari limefika hata chai hajamaliza, na dereva hataki kuzima injini. Nimemwambia mgeni wangu haondoki bila kusindikizwa, kwani namfukuza? Dereva amenuna, lakini nitafika nao mpaka Kayanga. Nimemfungia Henrike akamwani, atafune kahawa yetu njiani.

Nitalala kwa shangazi yako. Hapana, hiyo nimeikata. Narudi leo leo, siwezi kukuacha peke yako.

Henrike amelia sana. Ameniuliza, "Mama, na nyie nani amewapigia?" Nikacheka, nikamwambia sisi hapa ndiyo kwetu. Lakini swali lake limenikaa.

Funga mlango jua likiwa bado lipo. Na ukishasoma hii, mwanangu, nipigie wewe.

Mama yako