Mkono Uliozoea Kikapu

Tetu, Nyeri
Jumapili mchana

Kaka Otieno,

Nakusalimu wewe na wote walio bomani. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua, na kwamba paa la jikoni mlilimaliza kabla ya mvua. Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, isipokuwa alfajiri, ninapoandika habari za redio nikiwa nimevaa soksi mbili mbili.

Uliuliza kama ni kweli nafundisha watu kuvua. Ni kweli, na nimefundisha vibaya.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Kariuki, alipata kiharusi mwaka jana. Mguu umerudi; mkono wa kulia umerudi nusu. Nyuma ya shamba lake la majani chai ana kidimbwi chenye trauti, samaki wa maji baridi. Mwanawe aliye ng'ambo alimtumia ufito wa kuvulia pamoja na nzi bandia wa manyoya, ambao ndio chambo, akamwambia utamnyoosha mkono. Mzee akaja kubisha mlango wangu.

"Akinyi, wewe si ni mtu wa ziwa? Nifundishe."

"Mzee, kwetu wanaovua ni wanaume, tena kwa nyavu. Mimi nilikuwa naanika dagaa, wale omena."

"Basi nifundishe hiyo kidogo unajua."

Nilitazama video kwenye simu, tukaanza. Nzi huyo hana uzito. Kinachorushwa hasa ni mshipi. Unauinua, unautupa nyuma ya bega, kisha unauleta mbele juu ya maji. Mzee alipotupa, mshipi ulilia kama mjeledi, nzi akakatika. Kwa wiki mbili tulipoteza nzi kumi na tisa. Nilimwambia aongeze nguvu, halafu nikamwambia apunguze. Sikujua tatizo liko wapi.

Nyambura, binti yake anayemtunza, hakupenda mambo hayo. Mara tu baada ya ugonjwa alimtoa baba yake kidimbwini akiwa amelowa hadi shingoni, kwa sababu ukingo ule huteleza. Sasa aliagiza trakta ya udongo ije Jumamosi kukifukia kidimbwi. Mzee hakubishana. Alikaa ndani siku mbili, chai ikipoa mbele yake. Nilimkumbuka baba, tulipoufunga mtumbwi wake kwa mnyororo ili asiende tena ziwani. Sisemi tulikosea. Nasema hakuna kati yetu aliyekaa naye siku ile.

Ijumaa mzee alichukua ufito, akasema anakwenda kuaga samaki wake. Nyambura alitoka shambani, kikapu cha majani kingali mgongoni, akasimama karibu ili amshike akiteleza. Alitazama mirusho mitatu.

"Baba, hiyo ni kuchuma majani."

"Ati nini?"

"Unatupa nyuma kwa kikapu na mkono inarudi mbio kutafuta ingine. Hapo nyuma hakuna kikapu. Ngojea kamba inyooke."

Alikuwa amesema kweli. Mzee amechuma majani chai maisha yake yote, akiyatupa juu ya bega bila kugeuka. Mkono wake uliendelea na kazi unayoijua. Nyambura akashuka nyuma yake, akawa anamwongoza: "Ngoja. Ngoja. Sasa." Mara ya sita mshipi ulinyooka wote, nzi akatua majini bila kishindo. Hakuna samaki aliyekuja. Mzee akarudia, bila kuambiwa ngoja.

"Na ukimshika utamfanya nini?" Nyambura akauliza. "Hii nyumba hakuna mtu hukula samaki."

"Nitamwachilia. Mimi nataka tu akuje."

"Mwalimu wako ni nani?"

"Ni huyu wa omena."

Nyambura alicheka mpaka akaweka kikapu chini.

Trakta ilifika jana asubuhi. Dereva aliuliza aanzie wapi kumwaga. Nyambura alimpeleka pale ukingo unapoteleza, akamwonyesha kwa jembe: hapa tu, pawe sawa, upana wa mtu mmoja. Kisha akachimbia nguzo ya mkaratusi ya kushikilia, akaiegemea kwa uzito wake wote kuona kama itayumba. Haikuyumba. Akamwita baba yake.

Mpe mama pole ya kifua. Wifi umwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Mjomba wetu fundi wa nyavu msalimie, na akicheka habari hizi mwache acheke.

Ni mimi dada yako mdogo,
Akinyi